Anwani Iliyoandikwa Kaburini

Shangazi yangu si mtu wa kupiga simu. Yeye hubipu, halafu anakaa na simu mkononi akisubiri umrudie. Tarehe 2 Novemba 2019, Siku ya Marehemu Wote, alipiga mwenyewe, na nilipopokea hakunisalimia. Kwetu Ufipa kuruka salamu si jambo dogo. Unachutama kidogo, unapiga makofi taratibu, unaulizwa ya nyumbani, ya shamba, ya mvua, ndipo unaruhusiwa kusema kilichokuleta. Hata kwenye simu shangazi hufuata hatua zote, isipokuwa kuchutama, na hapo sina uhakika kama hachutami.

"Mwanangu, baba ameenda wapi?"

Baba yake, yaani babu yangu mimi, tulimzika Mwimbi mwaka 2016. Kwa sekunde chache nilidhani amechanganyikiwa. Kisha nikasikia nyuma yake watoto wakibishana, mmoja anasema, "Bonyeza tena, bibi, labda bando limeisha," na moyo ukanishuka hadi tumboni, maana nilijua yuko wapi na anabonyeza nini.

Kaburi la babu lina msalaba wa zege, jina lake, miaka miwili, na chini kabisa, kwa rangi nyeusi ya mafuta, anwani ya tovuti. Aliyetaka iandikwe ni shangazi mwenyewe. Wengine huandika mstari wa Biblia, alisema, lakini baba hakuwa mtu wa kusoma, alikuwa mtu wa kuongea, basi tuandike pale anapopatikana. Fundi wa rangi, aliyezoea kuandika majina ya saluni na bei za chipsi, aliinakili kutoka kwenye karatasi niliyompa, herufi moja moja, na zile slashi akazipigia rula. Jina la tovuti sitalitaja hapa kwa sababu seva yake haiwezi kubeba wageni wengi kwa mpigo. Itoshe kusema kwamba mwisho wake ulisomeka hivi: sauti/mwimbi/14. Ukiiandika kwenye simu, babu anaanza kuongea.

Kila Novemba 2 familia inaenda kufyeka majani na kusali, na baada ya sala shangazi anatoa simu. Mwaka ule simu ilimwonyesha 404.

Nawaomba uvumilivu ndugu wasomaji mliokuja hapa kwa ajili ya mashairi na riwaya. Nitawaingiza jikoni kidogo. Mtoto wa mtu akikuuliza baba yake ameenda wapi, huwezi kumjibu kwa tamathali za semi, lazima ukafungue mafaili.

Nilitengeneza tovuti ile mwaka 2013. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta, laptopu ya mtumba, na aibu fulani niliyoipata maktaba. Huko nilikuwa nimekuta kitabu cha Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 60, kinachoitwa There Was a Certain Man, kimetoka 1978, na kinahusu sanaa ya kusimulia ya Wafipa. Nilisoma hadithi za kwetu kwa Kiingereza, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka nyumbani. Namshukuru mzee Willis. Ila babu yangu hakuwahi kukishika kitabu kile, na angekishika asingesoma neno.

Basi mwezi wa Julai nikaenda Mwimbi na simu yenye kinasa sauti. Asiyeijua Ufipa ya Julai adhani natania: baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno, na hakuna mtu anayesimulia chochote mbali na moto. Kwa hiyo rekodi zangu zote zina sauti ya kuni, na sufuria ya maharage inayotokota. Babu alisimulia mambo ya sungura na fisi, alisimulia kesi za ardhi zilizokwisha kabla sijazaliwa, lakini zaidi alisimulia chuma. Alikuwa mtoto mdogo alipomsindikiza baba yake mdogo kwenye malungu. Ilungu ni tanuru la udongo, refu kupita mtu, ambalo halivuviwi kwa mivukuto; linavuta hewa lenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini. Kinachotoka humo bado si chuma cha kufulia jembe. Kinapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto inapoanza kuhema. Babu alikuwa akiiga mhemo ule kwa mdomo. Hiyo ndiyo rekodi namba 14, dakika ishirini na kitu, na karibu na mwisho anaacha kusimulia, anamwita shangazi kwa jina lake la utotoni, anamwomba aongeze kuni.

Nadhani sasa mnaelewa kwa nini shangazi alichagua ile na si nyingine.

Tovuti niliijenga kwa CodeIgniter. Hii ni fremuweki ya PHP, yaani mifupa iliyokwisha kuchongwa ambayo juu yake wewe unaweka nyama. Rick Ellis na kampuni yake ya EllisLab waliitoa 2006, na mwaka 2013 tayari vijana wa mjini walikuwa wanaiona ya kizee. Mimi niliipenda kwa sababu mbili za kimaskini. Ilikuwa ndogo, megabaiti chache tu, unaishusha kwa bando la siku na chenji inabaki. Na kitabu chake cha maelekezo kilikuja humohumo kwenye furushi, unakisoma hata kama hakuna mtandao. Kwa mtu wa Mwimbi hiyo ilikuwa sababu tosha, mengine ni mbwembwe.

Zamani, kabla ya fremuweki, kila ukurasa ulikuwa faili lake. Anwani ilikuwa njia ya kweli kuelekea kwenye faili la kweli, kama vile nyumba unayoiona kwa macho. Fremuweki ilileta mlango mmoja. Wageni wote, wa hadithi, wa picha, wa ukurasa wa mawasiliano, wanaingia kwa index.php, na hapo mlangoni kuna mtu anayesoma anwani na kuamua nani aende wapi. Kazi hiyo sisi tunaiita kupanga ruti, neno lilelile la daladala na mabasi.

Kijijini kwetu tunaujua utaratibu huu bila kompyuta. Nilipokuwa mdogo barua za ukoo mzima zilikuja kwa sanduku la posta la shule, kwa mkono wa mwalimu. Kwenye bahasha chini ya S.L.P. kulikuwa na jina, na chini ya jina mara nyingi maelezo: yule wa karibu na mashine ya kusaga. Mwalimu ndiye aliyekuwa ruti. Alipohamishwa, barua ziliendelea kufika shuleni, ila zikawa zinakaa kwenye dawati la mwalimu mgeni asiyejua mashine ya kusaga ni ya nani.

CodeIgniter isipoambiwa kitu inafuata mazoea yake. Kipande cha kwanza cha anwani ni jina la kontrola, cha pili ni kazi ambayo kontrola hiyo inaijua, vinavyofuata ni vitu vya kupewa kazi hiyo. Kwa hiyo sauti/mwimbi/14, kwa akili ya CodeIgniter, maana yake ni: mtafute Sauti, mwambie afanye "mwimbi", mpe 14. Bila shaka hakuna kazi inayoitwa mwimbi. Mwimbi ni nyumbani, siyo kitenzi. Ndiyo maana kuna faili la ruti, ambamo unaandika maelekezo yako mwenyewe, na fremuweki inayasoma kutoka juu kwenda chini. La kwanza kulingana ndilo linalochukua mgeni. Mstari wangu wa 2013 ulikuwa huu:

$route['sauti/(:any)'] = 'sauti/soma/$1';

Yaani anayekuja na neno sauti, halafu chochote, mpeleke kwenye kazi ya kusoma, na hicho chochote umbebeshe. Lile neno (:any), katika CodeIgniter ya toleo la 2, lilimaanisha chochote kwelikweli, pamoja na slashi zilizomo ndani yake. Mwimbi, slashi, kumi na nne: vyote viliingia kwenye "chochote" kimoja. Nilikuwa na sauti za vijiji kadhaa, na mstari mmoja ulivibeba vyote. Nilijiona fundi. Nikalala.

Mwanzoni mwa 2019 kampuni iliyokuwa inanipangisha seva ilituma taarifa kwamba inapandisha PHP. Msimbo wangu ulizungumza na hifadhidata kwa njia ya zamani, ile iliyoondolewa PHP 7, kwa hiyo ilikuwa nihame au nife. (Naandika "msimbo" kwa heshima ya BAKITA. Mtaani tunasema kodi, halafu unajikuta unamweleza mjomba kwamba umekesha unarekebisha kodi na yeye anakuuliza TRA wamekukamata kwa shilingi ngapi.) CodeIgniter yenyewe ilikuwa imebadilisha wenyewe, tangu 2014 ilikuwa mikononi mwa chuo cha Kanada, British Columbia Institute of Technology, na toleo la 3 lilikuwa limetoka 2015. Nikahamia humo.

Usiku wa kuhama kila kitu kilikufa. Kwenye laptopu kurasa zilifunguka vizuri, nikizipandisha kwenye seva hakuna hata moja. Kumbe toleo la 3 linataka jina la faili la kontrola lianze kwa herufi kubwa. Windows haijali kubwa wala ndogo, Linux inajali, na seva yangu ilikuwa Linux. Nilibadili majina ya mafaili saa nane za usiku, kurasa zikafufuka, nikapiga kelele peke yangu chumbani. Nawaeleza haya ili mjue hali niliyokuwa nayo. Mtu aliyeponea shimo moja la wazi haangalii tena anapokanyaga.

Kwa sababu katika toleo lilelile la 3, (:any) ilikuwa imebadilika maana. Sasa ni chochote mpaka slashi ya kwanza. Sababu yao ni nzuri, ile ya zamani ilikuwa inameza hata vya wenzake. Imeandikwa waziwazi kwenye maelekezo ya kuhama, nami nilikuwa nimeyashusha, yapo kwenye laptopu hadi leo. Mstari wangu haukuhesabika kuwa kosa, haukutoa onyo lolote. Uliendelea kusimama palepale mlangoni, ila mtu akija na sauti/mwimbi/14 haumtambui tena. Anapitishwa kwa mazoea, anaambiwa amtafute Sauti afanye "mwimbi", hapatikani, 404.

Na mimi sikuona, maana kwenye kurasa mpya nilikuwa nimefupisha viungo vyote. Niliona majina ya vijiji ni mzigo, nikabakiza namba tu: sauti/11, sauti/12. Nilijaribu kila kiungo kilichokuwa kwenye tovuti. Hakuna nilichojaribu kilichokuwa nje ya tovuti, na anwani ya kwenye kaburi ilikuwa nje. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti, aliandika makala fupi akieleza kwamba anwani hazibadiliki zenyewe, ni watu wanaozibadilisha. Nilikuwa nimeisoma chuoni, na nikaisifia.

Miezi minane kaburi lilikuwa linatoa anwani ya mahali pasipokuwepo.

Shangazi nilimwambia anipe dakika kumi. Nilikuwa na haraka ya mtu mwenye hatia. Nikaandika ruti mpya kwamba sauti, kijiji chochote, namba, iende kwenye kazi ya kusoma na ile namba. Nikapandisha. Nikampigia: "Shangazi, bonyeza sasa."

Nilisikia kupitia simu yake. Sauti ilitoka. Ilikuwa ya mwanamke, anaimba, na nyuma yake mchi unagonga kinu.

Hakuna aliyesema kitu pale kaburini. Mtoto mmoja alianza kucheka akanyamazishwa. Shangazi akasema, taratibu kabisa, "Huyu si baba." Halafu akakata, na kwa mtu anayebipu maisha yake yote, kukata simu ambayo mimi ndiye ninayelipia... sijui niseme nini.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Wakati wa kuhama nilitoa orodha ya rekodi kwenye hifadhidata ya zamani kama jedwali la kawaida, bila safu ya namba, nikaiingiza kwenye mpya ikajipangia namba upya. Katika ile ya zamani kulikuwa na mapengo, rekodi za majaribio nilizofuta mwanzoni. Mpya haikuweka mapengo. Babu aliyekuwa 14 akawa 11, na kwenye 14 akaketi mama mmoja wa kijiji kingine na wimbo wake wa kutwanga. Wimbo mzuri, nauhakikisha. Lakini nilikuwa nimefungua nyumba ya babu nikamkuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake, na niliyemtuma aingie ni binti yake.

404 ilikuwa na unyoofu fulani. Angalau ilisema haipo.

Jioni ile sikurekebisha kitu. Niliogopa mkono wangu. Kesho yake nikatafuta nakala ya hifadhidata ya zamani, na huu ndio wakati niliojua kwamba nakala sina. Nilikuwa na niliyodhani ni nakala, na ndani yake mlikuwa na ile orodha isiyo na namba. Nakala ya kweli niliipata siku ya tatu kwenye flashi iliyokuwa na nyimbo za kwaya, ndani ya folda niliyoiita "futa hii". Nikakaa na madaftari, namba ya kale upande huu, namba mpya upande ule. Kisha nikaongeza safu kwenye jedwali, namba_ya_kale, nikaandika kazi ya pili kwa ajili ya wageni wa anwani za zamani tu:

$route['sauti/[a-z]+/(:num)'] = 'sauti/kale/$1';

Mgeni akija na kijiji na namba, "kale" inatafuta namba ya kale, inampata babu kwenye 11, inamfikisha. Mstari huu niliuweka juu ya ule mwingine. Kitaalamu hapa mpangilio haubadilishi kitu, kwa kuwa (:any) ya sasa haivuki slashi. Niliuweka juu hata hivyo. Wazee hukaa mbele.

Wakati nafanya kazi ile nilimfikiria babu alivyokuwa akisafiri. Alikuwa akisema anaenda Abakoni, kumbe anaenda Mbala, ng'ambo ya Zambia, mji ambao Waingereza waliuita Abercorn. Kasanga, ile bandari yetu ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliiita Bismarckburg, ukitafuta ramani za wakati wao ndivyo utakavyoikuta. Miji hiyo haikusogea. Ila lazima awepo mtu anayekumbuka majina yote mawili, la sivyo aliyeshika ramani ya zamani anafika ziwani na kuambiwa hakuna mahali kama hapo. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima, barabara zikapewa majina na nyumba namba. Ni jambo jema. Shangazi anaijua namba yake kwa moyo. Ukimuuliza anakaa wapi, bado anakwambia karibu na mashine ya kusaga, na mashine ile iling'olewa zamani.

Nilienda Mwimbi mwenyewe, wiki mbili baada ya simu ile. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya kuingia ilikuwa tope. Nilisalimia kwa hatua zote. Shangazi aliniacha nimechutama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nikajua hiyo ndiyo adhabu. Tulienda kaburini wawili. Alishika simu mbali na uso kama wazee wanavyoshika, akaandika anwani akitazama msalabani, herufi moja moja, ingawa simu ilikuwa tayari inamkumbushia. Kuni zikaanza kulia. Babu akaanza kuhema kama mivukuto. Shangazi hakungoja mwisho. Kabla hajaitwa jina lake alizima, akasema betri.

Sijamweleza kwamba kila mwaka kuna malipo ya jina la tovuti na ya seva, na kwamba mwaka nitakaposhindwa kulipa hakuna ruti itakayosaidia. Nimemwonyesha mtoto wa dada yangu faili la ruti na mahali nywila ilipo. Aliuliza kwa nini nisihamie toleo la 4, ambalo limetoka tangu 2020. Nikamwambia nitahama. Bado.

Rangi ya mafuta haivumilii mvua za Ufipa. Mwaka jana maandishi yalikuwa yamefifia, shangazi akamwita fundi ayapitie upya. Si yule wa kwanza, huyu ni kijana, na hakukuwa na karatasi ya kunakili. Alifuatisha kilichobaki, na herufi moja haikuwa imebaki. Nilitumiwa picha: saut/mwimbi/14. Shangazi alikuwa amependezwa na weusi wa herufi, akauliza kama nimeona kazi nzuri. Nilisema nimeona. Kisha nikafungua laptopu, nikaenda kwenye faili la ruti, na juu kabisa nikaongeza mstari mmoja wa saut, bila i.